Mizani ya Bondeni

Duka langu ni Bondeni, kwa mkono wa kushoto,
Pita nyuma ya sokoni, penye vumbi na fukuto,
Mchele u guniani, karafuu kwa vipeto,
Juu ya meza ni kito: ya marehemu mizani.

Ni ya shaba na ya chuma, aliinunua baba,
Miaka mingi ya nyuma, kabla sijavaa juba,
Akanambia daima: “Usipunje hata haba,
Mwenye kupunja kibaba huulizwa kaburini.”

Dunia huja na meli, sisomi kwenye gazeti,
Bahari ya Shamu kali, makombora hayasiti,
Meli hupita kwa mbali, hazifiki kwa wakati,
Vita vya watu, na eti bei yapanda Bondeni!

Wa machweo hukopesha, na nasaha kwa mkono,
Wa mawio hukopesha, kimya, bila mnong'ono,
Nasi kalamu twashusha, hatusomi hata neno,
Mimba isiyo na meno yadaiwa i tumboni.

Mimi nina daftari la wakopi wa mtaa,
Mwanajaka wa sukari, Kombo mafuta ya taa,
Kila mtu kwa kadiri, asilale na fadhaa,
Serikali ni balaa, nisingeipa sabuni.

Jana kule Tononoka mheshimiwa akaja,
Kazi laki kila mwaka, ahadi moja kwa moja,
Nikainuka kutaka nijibiwe yangu hoja:
“Hizo fedha zitakuja kutoka mfuko gani?”

Mpwa wangu ni Twalibu, shahada ameipata,
Kazi hana, ana gubu, simuye yawaka vita,
Huniita, “Wa mababu, dunia imekupita,
Ya kale yote twafuta, twaanza tena shinani.”

Nikamjibu: “Kijana, choo cha nyumba ya kale
Kikivuja, si maana uvunje na dari ile,
Mvua ikishikana, mamako alale kule?
Fundi hutengeza pale panapovuja bombani.”

Akenda Mwembe Tayari, na bendera, na wenziwe,
Wakaipinga amri ya kodi, iondolewe,
Moshi, mbio, askari; risasi jibu la mawe,
Alirudi kama mwewe mwenye tundu la begani.

Sheria naisikia, taa nyekundu nasita,
Ushuru nimelipia, risiti nitazileta,
Ila kumfyatulia mtoto aliyeita,
Hiyo si dola, ni vita juu ya walo nyumbani.

Wiki ile, kama ada, mkaguzi wa vipimo,
Kijana mwenye shahada, mpole, asiye domo,
Jiwe la baba, si muda, akalipima kikomo,
“Kilo,” kasema, “haimo; gramu thelathini chini.”

Thelathini.
Kwa miaka arobaini.
Kila kilo ya sukari ya Mwanajaka,
kidogo, kidogo, mfukoni mwetu.
Baba hakuwa mwizi. Chuma huliwa na mikono,
na sisi hatukulipima, kwa kuwa lilikuwa la baba.
Hapa shairi langu limechechemea, msomaji.
Liache hivyo.

Twalibu akajipinda, kacheka, “Sasa litupe!”
Kwa mhunzi nilikwenda, lile pengo alilipe,
Chini yake akapanda risasi moto, nyeupe,
Ya Twalibu, nisikwepe, ni ile ile madini.

Kitabu nikafungua, madeni nikayafuta,
Mwanajaka akajua, akanuna, akasita:
“Mume wangu kaugua, huo uji angepata.”
Nilikosa la kuleta, nikainama mezani.

Mimi si wa mapinduzi, nilivyo sikugeuka,
Nataka tu mkaguzi, mpole, kwa kila mwaka,
Afike kwa viongozi, jiwe lao kulishika,
Wakisema, “Li hakika,” nami nililiamini.